Pikipiki yangu nimeikunja pindo

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilianguka na pikipiki ikiwa imesimama. Hakuna gari lililonigonga wala mbuzi aliyekatiza. Nilikuwa nimefika mnadani Msalato, Jumamosi saa tatu asubuhi, mabunda mawili ya sare za shule yamefungwa kwenye keria, nikasimama pale lami inapoishia na vumbi linapoanza, nikashusha mguu wa kushoto ukanyage chini. Mguu ukashuka, ukashuka, haukukuta kitu. Upande ule palikuwa na kijishimo cha mchanga, kina chake kiganja tu, ila kwa mguu wangu kiganja ni safari. Pikipiki ikishaanza kulala na una kilo thelathini nyuma, huizuii. Unaisindikiza tu mpaka chini, kwa adabu.

Vijana wa boda waliokuwa kivulini walikuja kuniinua, Mungu awabariki, ila mmoja alishindwa kujizuia: "Dada, hiyo pikipiki ndiyo inakuendesha wewe." Mashati meupe sita yaliingia udongo. Anayejua udongo mwekundu wa Dodoma anajua: shati jeupe likishauonja, ulifue, uliloweke, ulianike, haliuziki tena kwa bei ya jipya.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona Majengo, nauza sare na magauni kwenye minada. Urefu wangu ni sentimita 152 nikiwa nimenyoosha shingo. Watu nawapima kila siku lakini mwenyewe sikuwahi kujipima kwa ajili ya pikipiki, mpaka jioni ya Jumamosi ile nilipochukua futi. Ndani ya mguu, kutoka mapajani hadi kisiginoni: 68. Nikatoka nje nikapima siti, kutoka sakafuni hadi pale ninapokaa: 80. Viatu vinanipa mbili. Kusimama kwa ncha za vidole kunanipa kama nane. Hesabu ya darasa la pili: nilikuwa naendesha pikipiki ambayo sifiki chini yake hata nikisimama kwa kucha, isipokuwa kwa vile springi zinabonyea kidogo nikikaa na siku hiyo ardhi iwe tambarare. Miaka miwili nilikuwa nabahatisha.

Ushauri nilipewa mwingi. Uza, nunua skuta. Skuta ni nzuri kwa lami ya mjini, lakini mie napita makorongo, na mchanga wa korongo unameza magurudumu madogo kama ya skuta ukiwa hata hujajua unaingia. Vaa viatu vya soli nene. Nilivaa, buti la mtumba lenye soli ya vidole viwili, likawa haliingii chini ya kanyagio la gia. Nilitoka Nkuhungu mpaka Nanenane nikiwa na gia namba mbili. Ajiri kijana akubebee. Faida ya shati moja la darasa la kwanza mnaijua lakini?

Kijana mmoja wa boda, mfupi mwenzangu, ndiye aliyenipa cha maana. Alisema ukitaka kusimama usishushe miguu miwili. Sogeza kiuno, shuka upande mmoja wa siti, kanyaga kwa mguu mmoja kwa soli yote, mguu wa pili ubaki kwenye breki. Ni kweli, inafanya kazi, na mpaka leo natumia. Ila ukiwa na bunda la mita moja mgongoni, kiuno hakina pa kusogea, na mzigo ukishaegemea upande uliosogea unakusaidia kuanguka.

Basi nikaamua kuishusha yenyewe.

Nilianza na kitu cha bure. Chini ya springi za shokapu za nyuma, zile nguzo mbili zinazomeza mashimo, kuna pete yenye ngazi ngazi, inazungushwa kwa spana ya ndoano. Ukiipandisha inaikandamiza springi, pikipiki inasimama juu na kubeba uzito bila kubonyea. Aliyeniuzia pikipiki alikuwa anabeba mishikaki, abiria watatu na gunia, kwa hiyo pete zote mbili zilikuwa ngazi ya mwisho juu. Mimi nina kilo 51. Kwa springi zilizokazwa hivyo, mimi ni nzi aliyetua. Fundi alizishusha hadi ngazi ya kwanza, akanambia kaa. Nikakaa, ikabonyea. Sentimita moja hivi, nusu ya kidole gumba. Kama nawe ni mfupi na hujaangalia hizo pete, funga hii simu ukaangalie kwanza, na hakikisha pande zote mbili ziko ngazi moja.

Kisha siti. Hapa nilijiona niko nyumbani, nikasema fundi siti wa nini wakati cherehani ninayo. Nilibandua pini za kitako chake, nikavua leza, nikabaki na sponji. Jambo ambalo wanaume wengi walionishauri hawakulijua, na fundi yeyote wa suruali analijua: urefu wa mguu hauliwi na kimo cha siti peke yake, unaliwa na upana pia. Siti pana inatanua mapaja, mguu unashuka kwa mshazari badala ya kushuka wima, na ule mshazari umekula sentimita zako. Kwa hiyo nilinyoa mabega ya siti mbele, pale inapokutana na tenki, ikawa nyembamba kama ya baiskeli, halafu nikapunguza juu sentimita mbili. Nilitumia kisu cha mkate. Sponji ukiikata kwa kisu cha kawaida inararuka kama mkate wa juzi, ila chenye meno inakatika vizuri, kisha unalainisha kwa msasa.

Ningeishia pale ningekuwa na akili. Lakini niliona sponji bado ipo, nikaongeza kuchimba katikati. Nikashona leza mpya, nyeusi, uzi mwekundu mara mbili, siti ikapendeza mpaka mume wangu akaipiga picha. Kesho yake nikaenda Hombolo. Kufika Ihumwa nilishaanza kuhisi bati. Kurudi nilikuwa nimekaa nusu kiuno kama mtu aliyechomwa sindano. Nikaifungua tena, nikaweka kipande cha godoro gumu nilichokikata kwenye lile la mtoto la zamani, nikaifunga. Faida iliyobaki ni sentimita mbili kamili, na upana uliopungua, ambao kwenye futi hauonekani ila mguuni unauhisi.

Nilikuwa nimefika 78, bila kuhesabu ile moja ya pete, inayopatikana nikishakaa tu. Nilitaka 75. Hapo ndipo tunaingia kwenye shokapu.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, sitasema yuko mtaa gani, alishika shokapu zangu akasema hizi tunakata springi, mizunguko miwili, kazi ya nusu saa, elfu kumi na tano. Nikamuuliza, ukikata springi, ile nguzo ya ndani nayo inafupika? Akasema haifupiki. Sasa springi fupi ndani ya nguzo ndefu si italegea, tairi likining'inia springi inacheza kama mkanda usio na matundu? Akasema haina shida. Na springi ukiikata inazidi kuwa ngumu, kwa sababu chuma kile kile kina mizunguko michache ya kubonyea. Nenda ukajaribu kwa springi ya kalamu. Nilimuaga. Mwingine alitaka kutoboa tundu jipya kwenye chuma kinachoshika tairi, kile wanachokiita swingamu, ashushe ncha ya shokapu huko. Tundu kwenye chuma kinachobeba mimi, mzigo na korongo zote za Chamwino! Huyo hata kumuaga sikumuaga.

Wa tatu ni mzee wa Kigogo, ana banda lake Chang'ombe, kila mteja anamkaribisha kwa "Mbukwenyi" hata kama mteja ni Mchaga. Yeye ndiye alinambia tafuta shokapu fupi zilizotengenezwa fupi. Akapima za kwangu, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini: sentimita 34. Akanipa na kipimo cha bolti, upana wa jicho la chini, akasema nenda dukani na karatasi.

Nikaenda dukani, na hapo kosa ni langu na la muuzaji nusu kwa nusu. Aliniletea jozi za sentimita 29, za pikipiki ndogo za injini ya kulala. Nikaona 29, nikaona mguu wangu ukikanyaga chini kwa kisigino, nikalipa elfu arobaini na tano bila hata kupumua. Mzee alipoziona alitikisa kichwa. "Mama, hizi ni fupi mno, na waya wake ni mwembamba." Nikasema funga tu, mzee wangu. Akafunga. Matundu ya juu yalikuwa mapana kuliko bolti, akaweka bushi, vipete vya kujaza nafasi. Kazi haikufika saa moja: pikipiki inainuliwa kwa stendi kubwa, tairi linawekewa gogo chini lisianguke, unafungua upande mmoja unafunga, kisha wa pili. Hafungui zote kwa pamoja.

Nilipokaa nilikanyaga chini, soli nzima, miguu miwili. Nilicheka peke yangu. Mzee akafunga bunda langu la sare kwenye keria, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama pikipiki ilivyokaa kitako, akasema neno moja: "Idodomya!"

Wasiotoka huku niwaeleze. Wenyeji husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akadidimia kwenye tope, waliomkuta wakasema kwa Kigogo "idodomya", amezama, na mji ukapata jina la Dodoma. Pikipiki yangu ilikuwa imezama kama tembo yule.

Wiki ile moja ilinifundisha mengi kuliko miaka miwili ya kuendesha.

Siku ya kwanza niliona usukani mzito kwenye kona. Nikadhani upepo wa matairi, nikaenda kujaza, wapi. Mzee baadaye alinieleza kwa kidole kwenye vumbi: ukishusha nyuma peke yake, pikipiki nzima inalalia nyuma, zile nguzo zinazoshika tairi la mbele nazo zinalala zaidi, tairi la mbele linatangulia mbali, kugeuka kunakuwa kwa uvivu kama kugeuza mkokoteni. Nikamwelewa palepale, maana ndivyo sketi ilivyo. Ukimkunjia mteja pindo nyuma ukaacha mbele, si kwamba umefupisha sketi, umeipindisha.

Siku ya pili usiku, nikirudi kutoka Veyula, kila gari linalokuja linaniwashia taa. Nikawa nawalaani. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawamulika machoni. Pua ya pikipiki imeinuka, na taa imeinuka nayo.

Siku ya tatu cheni ilianza kulia. Kitu hiki sikukitegemea kabisa na bado nakiona cha ajabu. Cheni inatoka kwenye spoketi ndogo ya injini, kile kigurudumu cha meno, kwenda spoketi kubwa ya tairi, na swingamu inazungukia kwenye bolti yake iliyo nyuma kidogo ya ile spoketi ndogo. Vitu vitatu hivyo, spoketi ndogo, bolti ya swingamu na ekseli, chuma ambacho tairi linazungukia, vikifika kwenye mstari mmoja ulionyooka, ndipo cheni inapokaza kuliko wakati wowote. Pikipiki yangu ilivyokuwa ndefu, ekseli ilikuwa chini ya mstari huo na cheni ilikuwa na ulegevu wake wa kawaida. Shokapu fupi ziliinua ekseli karibu na mstari, na cheni ambayo hakuna mtu aliyeigusa ikakaza yenyewe. Ukiongeza mzigo, inakaza zaidi. Nilipoisukuma kwa kidole chini katikati ilicheza sentimita moja tu, wakati inatakiwa mbili na nusu hadi tatu hivi. Ningeendelea wiki nyingine ningekata cheni au ningeua beringi ya spoketi.

Siku ya nne ni Hombolo tena, na mabunda. Njia ile ina mawimbi, na kila wimbi nilisikia "krrr" nyuma, kisha harufu ya mpira unaoungua. Nilisimama chini ya mbuyu nikachungulia. Bolti moja ndani ya madigadi ilikuwa imechora mfereji kwenye tairi, mzunguko mzima, kina cha sarafu. Shokapu ya 29, tena yenye springi laini, ikibonyea mwisho inalipandisha tairi mahali ambapo aliyeitengeneza pikipiki hakupanga tairi lifike. Nilifungua bunda moja nikaliacha kwa mama mwenye genge pale njiani, nikaenda mwendo wa harusi mpaka Hombolo.

Kilichonimaliza ni Jumamosi. Msalato, mahali pangu pale pale, jirani na mama muuza nyanya. Nikaegesha kwa stendi ya pembeni kama siku zote. Ila stendi ile ilikatwa kwa pikipiki ndefu. Kwa pikipiki iliyozama, ni ndefu mno, kwa hiyo badala ya kuegemea kushoto pikipiki ilisimama karibu wima, inapumua tu. Nikageuka kufungua kamba za mzigo. Nilipolivuta bunda la kulia, ikaenda nalo. Matenga mawili. Nyanya za Jumamosi, zilizopangwa fungu fungu, kubwa juu. Sitaki kusimulia yule mama alisema nini, maana alisema kwa Kigogo na kwa Kiswahili na mikono. Nililipa elfu kumi na nane, nikanunua na zilizopondeka kwa mchuzi wa jioni.

Jumatatu asubuhi nikawa bandani kwa mzee. Hakunicheka. Alinipa kigoda akasema, "Sasa tuanze kazi."

Kwanza alinifundisha swali la kumuuliza muuzaji, ambalo sikulijua. Urefu wa shokapu ikiwa imelala mezani ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni urefu wake ikiwa imebonyea mwisho kabisa. Zipo fupi ambazo safari yake ni ile ile ya zamani, ila imehamishiwa juu: hizo ndizo zitakazopeleka tairi kwenye madigadi. Zipo fupi ambazo zikibonyea zinaishia pale pale zilipokuwa zinaishia ndefu: hizo hazigusi kitu, lakini umepoteza safari, utalisikia shimo kwenye uti wa mgongo. Unachagua hasara yako. Kwa mtu anayebeba mzigo, mzee alisema, chagua ya pili na springi iwe nzito.

Tulipata jozi ya sentimita 31, mpya, waya mnene, elfu sitini na tano. Zile 29 muuzaji alizinunua tena kwa elfu ishirini na tano na uso wa mtu anayekufadhili. Sawa.

Sasa hesabu iliyonishangaza: shokapu zimepungua sentimita tatu, siti imeshuka mbili na kidogo. Nilipima mara tatu, nikamfanya binti yangu apime, ni hivyo hivyo. Ekseli ya nyuma imepanda zaidi ya tatu, maana shokapu imefungwa mbele kidogo ya ekseli tena imelala mshazari, lakini siti haiko juu ya ekseli, iko katikati ya tairi la mbele na la nyuma. Ni kama benchi: ukikata miguu ya upande mmoja, aliyekaa katikati anashuka nusu, aliyekaa mwisho anashuka yote. Kwa hiyo ukitaka siti ishuke tatu, usinunue shokapu iliyopungua tatu, na pia usifanye kama mimi wa wiki ile ukanunua iliyopungua tano.

Mbele tukapunguza sentimita moja na nusu. Pikipiki yangu nguzo za mbele zinashikwa na vibano viwili vyenye bolti za pembeni, unalegeza, unasukuma nguzo zote mbili kwenda juu sawasawa, unakaza. Mzee alizipima kwa kipande cha kijiti, upande huu na huu, mpaka zikalingana, kisha akakandamiza usukani kwa nguvu zote mara kadhaa aone kama tairi linakaribia kugusa chochote, na akageuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho kuona nyaya hazivutiki. Pikipiki nyingine nguzo zake zimefungwa kwa nati kubwa juu kabisa, hizo hazisogei, usilazimishe. Kona zikarudi kuwa nyepesi, si kama zamani, lakini mkokoteni umeondoka. Siti ikashuka nusu sentimita nyingine kwa kazi hiyo.

Stendi ya pembeni ilikwenda kwa mchomeleaji. Alitaka kukata kwa macho. Nikamwambia kaka yangu, hata pindo la sketi ya shule sikati kwa macho. Tuliiegesha na mzigo wake wote, tukaisukuma ilale inavyotakiwa, tukapima pengo, ikatoka sentimita mbili na robo, akakata katikati ya mguu, akaunganisha, na chini akachomelea kibati kipana kama kiganja cha mtoto ili isizame mchangani. Kile kibati ni wazo langu na najivunia. Stendi kubwa nayo ilipunguzwa kidogo miguuni, maana pikipiki ikiwa chini kuipandisha kwenye stendi kubwa kulihitaji wanaume wawili.

Cheni tukaipima nikiwa nimekaa na mzigo umefungwa, sio pikipiki ikiwa tupu. Tukailegeza. Taa tukaishusha jioni, mbele ya ukuta wa jirani, kwa chaki. Bolti ya madigadi iliyochora tairi ikageuzwa kichwa ndani.

Leo siti iko 75 na nukta. Sikanyagi kwa soli nzima, nakanyaga kwa matumbo ya vidole, miguu yote miwili, na inatosha. Gharama zote, ukitoa nyanya, ni kama laki moja na thelathini, na ningekuwa sikununua zile za 29 ingekuwa pungufu. Yapo niliyopoteza. Masika, ile njia ya Bahi yenye udongo mweusi, matairi ya malori yanaacha tuta katikati na ekzosi yangu inalilima. Matuta ya barabarani nayapanda taratibu. Abiria mzima na mzigo pamoja sibebi tena. Mume wangu ana kilo 84, akipanda nyuma tunasikia mwisho wa shokapu sote wawili, kwa hiyo sasa anapanda daladala na kulalamika nauli. Mzigo wenyewe naupakia karibu na mgongo wangu badala ya kuuning'iniza nyuma ya keria, na umepungua ukafika kilo ishirini na tano. Pete za springi nimezipandisha ngazi moja kwa siku za mnada, nazishusha Jumapili.

Zile shokapu ndefu ziko chini ya cherehani, nimezifunga kwa gazeti. Wawili wameshaulizia bei, nimekataa. Siku nikiuza pikipiki nitairudishia miguu yake.

Na Msalato bado naenda kila Jumamosi. Yule mama wa nyanya tumepatana, ananiita mdogo wangu, ananikatia na fungu la ziada nikinunua. Ila nikifika tu anainuka, anakuja kuisukuma pikipiki kwa kiganja, mara mbili, akiitazama stendi, halafu ananionesha kwa kidole upande wa pili wa njia: "Weka kule."